Nasaha za Nyumbani: Kuigeuza Motokaa ya Otomatiki Kuwa ya Gia za Mkono

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake vyombo vya kupanda, nchi kavu na baharini. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo twaulizwa mara nyingi na wenye nyumba, na zaidi na vijana wao. Motokaa ya nyumbani ni ya otomatiki, nayo imekwisha kuchakaa. Ukiitia gia haiondoki mpaka injini ivume kwanza, au huondoka kwa kishindo, au ikipanda kilima gia zateleza. Fundi aiangalia, kisha asema kuna njia mbili: kutia giaboksi nyingine ya otomatiki, au kuachana na otomatiki kabisa na kutia gia za mkono zenye klachi. Mwenye mali ashikwa na shaka. Je, jambo hili lawezekana? Je, lafaa? Na je, kuna lolote la dini ndani yake, au ni mambo ya spana na grisi tu?

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii. Lawezekana, na hasa kwa gari ambalo kiwanda chake kililiunda kwa namna zote mbili. Lafaa mara nyingine, na mara nyingine halifai. Ama dini, imo ndani yake tangu mwanzo mpaka mwisho: imo katika hesabu ya mali, imo katika usalama wa watu wa nyumbani, imo katika mapatano na fundi, na imo zaidi siku ile gari litakapouzwa. Tutayaeleza haya moja baada ya moja, inshaallah.

KWA NINI MAGARI YETU MENGI NI YA OTOMATIKI

Magari mengi tuyaonayo Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja yalitumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwetu kwa meli. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa njia kama sisi, na usukani wao uko kulia kama wetu, basi magari yao yatufaa bila ya kugeuzwa. Lakini huko Japani watu walizidi kuipenda otomatiki mwaka baada ya mwaka, na tangu 1991 serikali yao ikatoa leseni ya kuendesha motokaa za otomatiki peke yake. Tazama Toyota Corolla, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1966. Vizazi vyake vya 1991 na 1995 vilitoka kiwandani kwa namna zote mbili, ya mkono na ya otomatiki. Lakini zilizotufikia sisi kutoka Japani nyingi ni za otomatiki.

Jambo hili lina pande mbili kwa anayetaka kugeuza. Upande wa kwanza ni mwema: kwa kuwa motokaa ya namna ile ile ilipata kuundwa na gia za mkono, vipuri vyake vipo, na vyaweza kuingia mahali pake bila ya kukatakata na kuchomelea ovyo. Upande wa pili si mwepesi: katika magari yanayovunjwa na kuuzwa vipande vipande, za otomatiki ndizo nyingi, kwa hivyo huenda giaboksi ya otomatiki iliyotumika ikapatikana upesi na kwa bei ndogo kuliko ya mkono pamoja na vyote vinavyoifuata. Mtu asidhani kwamba njia ya klachi ndiyo rahisi kila siku kwa sababu tu chombo chenyewe ni chepesi kufahamika.

UPIME UGONJWA KABLA YA KUKATA KIUNGO

Tabibu mwema hakati mguu wa mgonjwa kabla hajauangalia. Vivyo hivyo, gia inayoteleza si lazima iwe imekufa. Motokaa nyingi za Toyota za miaka ile zina kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, mbali na kile cha mafuta ya injini. Gari huwekwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto na ingali ikinguruma, na gia ikiwa penye P. Ndipo kijiti huchomolewa kikatazamwa. Mafuta mazima huwa mekundu na safi. Yakiwa yamepungua, gia zaweza kuteleza hata kama giaboksi ni nzima, na dawa yake ni kuziba panapovuja na kuyajaza. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, hapo ndani pamekwisha kuliwa, na ugonjwa ni mkubwa kweli.

Huenda pia mtu alitia mafuta yasiyo yake. Huenda kebo inayoiarifu giaboksi kwamba mguu umekanyaga mafuta kwa kiasi gani imelegea. Huenda mpira unaoibeba injini umekatika, nao ndio unaoleta kile kishindo. Yote haya hutengenezwa kwa fedha kidogo. Fundi anayeihukumu giaboksi kifo bila ya kuchomoa hata hicho kijiti hajafanya bidii yake, na mwenye mali ana haki ya kumwendea wa pili. Kutoa fedha nyingi pale panapohitaji chache ni israfu, nasi tumekatazwa israfu hata kama mali ni yetu wenyewe.

TOFAUTI YA GIA HIZI MBILI

Ili mtu aifahamu kazi anayoiagiza, yafaa ajue tofauti yenyewe. Katika otomatiki, baina ya injini na gia pana chombo cha duara kilichojaa mafuta, ambacho mafundi hukiita toki konveta. Ndani yake mna mapanga pande mbili yanayotazamana. Injini huzungusha upande mmoja, mafuta yakarushwa, yakauzungusha upande wa pili. Mfano wake ni feni mbili zilizoelekezwa uso kwa uso: ukiiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili ijapokuwa haikuguswa. Asili ya jambo hili ni Mjerumani Hermann Föttinger, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1905. Na mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ikatangaza giaboksi yake ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, iliyotiwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Baada ya mafuta kuupokea mzunguko, giaboksi hujichagulia gia kwa nguvu ya mafuta yenyewe, na katika magari ya baadaye kwa amri ya kompyuta.

Katika gia za mkono hakuna mafuta baina ya injini na gia. Pana klachi pleti, ambayo hubanwa na presha pleti juu ya gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili. Mguu ukikanyaga, klachi huachia. Mguu ukiondoka, hushika. Kazi ile iliyofanywa na mafuta sasa yafanywa na mguu wa kushoto na mkono wa mwendeshaji.

Kwa hivyo kugeuza si kutoa sanduku moja na kutia jingine. Ni kuleta vyombo vyote vya mguu na vyote vya mkono ambavyo gari halikuwa navyo tangu kuzaliwa kwake.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Njia iliyo bora ni kupata vitu vyote kutoka katika motokaa moja ya gia za mkono, ya namna ile ile na injini ile ile, iliyovunjwa kwa ajili ya vipuri. Anayeokota giaboksi hapa, pedali kule, na shafti mahali pa tatu, mara nyingi hupoteza siku nyingi akitafuta nati moja isiyolingana.

Vitu vyenyewe ni hivi. Kwanza giaboksi yenyewe pamoja na mipira na mabano yanayoibeba. Pili flaiwili, mahali pa lile bamba jembamba lililoshika toki konveta. Nayo ije na bolti zake, kwani bolti za bamba na za flaiwili mara nyingi si za urefu mmoja. Tatu klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Hivi vitatu visiwe vya kuokota. Vinunuliwe vipya, kwa sababu kuvifikia tena ni kuishusha giaboksi upya. Nne pedali ya klachi na fremu yake, na pedali ya breki iliyo nyembamba, kwa kuwa ile ya otomatiki ni pana na huchukua nafasi ya mbili. Tano silinda kuu ya klachi, silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi, na bomba la baina yao. Au kebo, kwa magari yanayotumia kebo. Sita fimbo ya gia na kebo zake. Saba shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni, ikiwa zile za zamani hazilingani. Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela huenda ikawa na urefu mwingine, na mara nyingi huhitajika beringi ndogo katikati ya mwisho wa kranki. Stata nayo ipimwe na kulinganishwa kabla ya kufungwa.

Mabomba mawili yaliyokuwa yakipeleka mafuta ya otomatiki kupoa kwenye rejeta yataondolewa, na matundu yake yazibwe vizuri. Na giaboksi mpya ipewe mafuta ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, si mafuta yoyote yaliyobaki kwenye dumu la gereji.

MAMBO MATATU YANAYOACHWA NUSU

Hapa ndipo twawaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini, kwani kazi hii yaweza kuonekana imekwisha, gari likatembea na watu wakapongezana, na kumbe limebaki jambo la kuua mtu.

La kwanza ni swichi ya kuwashia. Motokaa ya otomatiki haikubali kuwashwa ila gia ikiwa penye P au N. Kuna swichi kwenye giaboksi inayozuia. Giaboksi hiyo ikitolewa, swichi huondoka nayo, na gari haliwaki. Fundi mwenye haraka huziunganisha nyaya mbili, likawaka, kazi ikahesabiwa imekwisha. Lakini tangu hapo gari hilo litakubali kuwashwa hata likiwa limeachwa ndani ya gia ya kwanza, nalo litaruka mbele. Tazama nyua zetu zilivyo: gari husimama mbele ya mlango, na watoto hucheza mbele ya gari. Mtoto akipata ufunguo akauzungusha, au baba akiwasha akiwa amesimama nje mkono ukipita dirishani, itakuwaje? Dawa yake si ghali. Ni kutia swichi kwenye pedali ya klachi, ili gari lisiwake ila klachi imekanyagwa mpaka chini. Mwenye gari asiipokee kazi bila ya swichi hii.

La pili ni breki ya mkono. Katika otomatiki kuna P, ambayo hutia kipande cha chuma baina ya meno ndani ya giaboksi, na gari halisogei. Watu wengi wamezoea kuitegemea P mpaka breki ya mkono ikalegea miaka mingi bila ya wao kujua. Gia za mkono hazina P. Siku ya kwanza gari likiachwa kwenye mteremko litaondoka lenyewe. Kwa hivyo breki ya mkono itengenezwe kabla gari halijatoka gereji, nayo ijaribiwe kilimani. Kisha mwendeshaji azoee kuliacha gari ndani ya gia, na penye mteremko atie jiwe au gogo nyuma ya gurudumu. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume wetu (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, naye akamfundisha kwamba afunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Breki ya mkono ndiyo kamba ya ngamia wetu wa leo.

La tatu ni nyaya na kompyuta. Taa nyeupe za kurudi nyuma zilikuwa zikiwashwa na ile swichi iliyoondoka. Giaboksi ya mkono ina swichi yake ya taa hizo, na nyaya zipelekwe huko, ili aliye nyuma ya gari ajue kwamba larudi. Mita ya mwendo nayo ihakikishwe kuwa yasoma. Ama kompyuta, katika otomatiki za zamani zinazoongozwa na mafuta peke yake jambo ni jepesi. Lakini pale ambapo kompyuta moja yaongoza injini na gia pamoja, nayo ikiitafuta giaboksi isiikute, yaweza kuwasha taa ya ilani na kuivuruga injini. Bora ichukuliwe kompyuta ya motokaa ya gia za mkono yenye injini ile ile, na nyaya zilinganishwe moja moja na mtu anayejua umeme wa magari.

HESABU YA MALI

Vijana husema kwamba gia za mkono huokoa petroli. Kwa otomatiki za zamani si uongo, kwani sehemu ya nguvu hupotea ndani ya yale mafuta ikageuka joto. Lakini kusema si kuhesabu. Tuseme kwa mfano tu, wala hizi si bei za soko, kwamba kugeuza kwagharimu shilingi 1,800,000, na petroli inayookolewa kwa mwezi ni ya shilingi 30,000. Ukigawa wapata miezi 60, yaani miaka 5. Kwa gari ambalo otomatiki yake bado ni nzima, huo ni muda mrefu kwa chombo kilichokwisha kuzeeka.

Lakini ikiwa giaboksi imekufa kweli, fedha itatoka kwa vyovyote. Tuseme otomatiki nyingine ingegharimu shilingi 1,300,000. Basi kinachopimwa ni tofauti peke yake, yaani shilingi 500,000, nayo hurudi kwa miezi kama 17. Hapo jambo limebadilika. Kila nyumba na ifanye hesabu yake kwa bei za mji wake, na ndani ya hesabu hiyo waingize klachi mpya, mafuta, ujira wa fundi wa umeme, na nauli za siku ambazo gari litakuwa gereji. Na ikiwa fedha haipo ila kwa mkopo wa riba, twasema wazi: gari na lisimame. Kupanda basi miezi sita si aibu, na riba si jambo la kuingia kwa ajili ya klachi.

MAPATANO NA FUNDI

Sheria yetu yataka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Neno kama "tutaelewana baadaye, mzee wangu" ni mlango wa ugomvi. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni na kuyashuhudisha. Basi na mapatano ya kazi yenye fedha nyingi yaandikwe, hata ikiwa ni ukurasa mmoja wa daftari la mtoto. Waandike ni nani atakayenunua vipuri, ni vipi vitakuwa vipya na vipi vya kutumika, swichi ya klachi na taa za nyuma zimo au hazimo, kazi itachukua siku ngapi, na ikiharibika ndani ya muda fulani nani atabeba gharama.

Yako mambo mawili ambayo husahauliwa. Moja ni giaboksi iliyotolewa. Hiyo ni mali ya mwenye gari hata ikiwa mbovu. Chuma chake kina bei, na konveta yake yaweza kufaa. Fundi asiichukue ila kwa idhini, na mwenye gari akitaka kumpa, ampe kwa ulimi wake. La pili ni asili ya vipuri. Giaboksi inayouzwa usiku, bila ya risiti, na muuzaji hataki kusema imetoka gari gani, huenda jana ilikuwa ndani ya gari la mtu. Anayenunua huku ajua kuwa ni ya wizi ameshiriki wizi, na bei rahisi haiwi udhuru mbele ya Mungu. Risiti na itakiwe, na namba za kifaa ziandikwe.

Fundi naye ana haki. Kazi ikikamilika na kujaribiwa, alipwe pale pale. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba mfanyakazi asicheleweshewe ujira hata kwa muda wa jasho lake kukauka. Kumzungusha fundi "njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi," ni dhulma kama ile ya fundi anayetia klachi kuukuu akadai fedha ya mpya.

WATU WA NYUMBANI WASHAURIWE

Motokaa ya nyumbani si ya baba peke yake. Ni nani anayewapeleka watoto chuoni? Ni nani anayekwenda sokoni nayo? Ikiwa mama wa nyumba alijifunza kwa otomatiki, basi siku ya klachi kutiwa atakuwa amenyang'anywa chombo chake, mpaka afunzwe upya. Huko Kenya leseni ya daraja la B1 ni ya motokaa nyepesi za otomatiki. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi kuendesha ya gia za mkono mpaka apate daraja linaloiruhusu. Na mzee ambaye goti lake la kushoto lamuuma, au aliyepooza upande huo, kwake yeye otomatiki si anasa, ni mguu wake. Kumbadilishia gari bila ya kumuuliza ni kumfungia nyumbani. Basi shauri na liwe la wote, na bima nayo iarifiwe kwamba gari limegeuzwa, ili siku ya ajali pasiwe na hoja.

SIKU YA KUUZA

Sasa twafika penye uzito mkubwa kuliko yote. Gari lililogeuzwa vizuri laweza kutembea miaka mingi, na anayelitazama kwa haraka hatajua kwamba lilikuwa otomatiki. Kibao chenye namba ya chesisi bado chalisema gari kama lilivyotoka kiwandani. Mnunuzi asiyejua, siku akihitaji mpira wa giaboksi, au shafti, au kompyuta, ataagiza kwa namba ile, naye ataletewa kitu cha otomatiki kisichoingia. Atalipa mara mbili, na hatajua kwa nini. Fundi wake naye atahangaika na nyaya zisizofanana na ramani ya kitabu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, aibu ya bidhaa ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake mpaka mnunuzi akakosa kusudi lake lililo sahihi. Muuzaji anayeijua aibu ni wajibu wake kuieleza, na kuificha ni haramu. Na mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha, bali yampasa afanye hima asikawie. Huenda mtu akasema: "Mimi nimelitengeneza likawa bora kuliko zamani, aibu iko wapi?" Twamjibu: ikiwa ni bora, kwa nini waogopa kulisema? Lieleze, na anayependa gia za mkono atalinunua kwa furaha. Likikupunguzia bei, basi kupungua huko ndiko ushahidi kwamba mnunuzi alikuwa na haki ya kujua.

Abu Huraira amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema mvua iliinyeshea. Mtume akamwambia kwamba ingempasa aiweke ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tazama, wasomaji wetu: mtu yule hakuinyeshea nafaka yake kwa makusudi, mvua ilikuwa ya Mungu. Kosa lake lilikuwa kuiweka chini. Vivyo hivyo, kuligeuza gari si kosa hata kidogo. Kosa ni kuiweka habari yake chini.

Kwa hivyo twashauri hivi. Siku ile ile kazi inapokamilika, iandikwe karatasi: tarehe, giaboksi imetoka gari la namna gani na mwaka gani, klachi ni ya namba ipi, kompyuta ni ipi, nyaya zilizobadilishwa ni zipi. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari pamoja na risiti. Itamfaa mwenyewe siku ya kutafuta vipuri, na siku ya kuuza itamwambia mnunuzi kila kitu hata kama muuzaji ataona haya kusema.

NENO KWA VIJANA

Vijana wetu wanaopenda kazi hii twawapenda, wala hatuwakatazi. Nabii Daudi (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake, na ufundi wa magari ni chumo la halali. Ila wasilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Giaboksi ni nzito, na jeki huteleza. Waweke stendi madhubuti pande zote. Na ikiwa kusudi la klachi ni kushindana mbio usiku barabarani, basi hiyo siyo kazi tunayoinena hapa. Hiyo ni kuchezea roho za watu.

Na klachi ikishatiwa, itunzwe. Mguu usikae juu ya pedali wakati gari linakwenda. Kwenye kilima gari lishikwe kwa breki, si kwa klachi. Kilomita mia chache za mwanzo gari lisibebeshwe mzigo mzito. Anayefanya haya klachi yake itadumu; asiyefanya atarudi kwa fundi yule yule kabla ya wakati.

Mwenye kugeuza gari lake na alipime kwanza, ahesabu, ashauriane na watu wake, aandikiane na fundi, aikamilishe kazi mpaka nyaya za mwisho, kisha asiifiche. Akifanya hivyo, gari lake litakuwa na baraka likiwa mkononi mwake, na litakuwa na baraka likipita mkononi mwa mwingine. Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na ajali za njiani, awape mafundi wetu ikhlasi katika kazi zao, na atufanye sote kuwa watu wa kusema kweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.